Peni ya Haki, Tiketi ya Hisani

Septemba 1832, kipindupindu kikiwa kimeikamata Manchester, familia moja ililifungua jeneza la mtoto wao aliyefia katika hospitali ya Swan Street. Kichwa hakikuwepo, mahali pake palikuwa na tofali. Halaiki ya watu ikaivamia hospitali, na utulivu haukurudi mpaka askari walipoitwa. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria iliyoruhusu maiti za waliofia katika nyumba za maskini, zikikosa wa kuzidai, zipelekwe kwa madaktari kupasuliwa kwa ajili ya masomo. Kwa hiyo kufa maskini kulikuwa na adhabu yake hata baada ya pumzi ya mwisho.

Naanzia kwenye jeneza kwa sababu bila hilo huwezi kumwelewa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba ambaye alikula viazi vitupu wiki nzima lakini Jumamosi hakukosa peni ya mazishi. Watu wa tabaka la juu waliandika sana wakishangaa anasa hii ya farasi weusi na vitambaa vya msiba. Sioni cha kushangaza. Peni ile ilinunua hakika ya kuzikwa kama mtu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1834, ikaja sheria mpya ya maskini. Mwenye nguvu za kufanya kazi akiomba msaada, alitakiwa aingie nyumba ya maskini: mume upande wake, mke upande wake, watoto kwao, wote wakiwa wamevalishwa sare. Mateso yale yalikusudiwa, ili anayeweza kujikimu nje, hata kwa shida, asithubutu kubisha hodi.

Kati ya ukuta huo na mshahara wa wiki ndipo vilipoota vyama vya kusaidiana. Vidogo kabisa vilikuwa klabu za mazishi, za mtaa mmoja au kanisa moja, zenye kanuni kurasa mbili tatu. Msomaji wetu angeziita vyama vya kufa na kuzikana, na asingekosea. Vikubwa vilikuwa na matawi nchi nzima. Umoja wa Manchester wa Oddfellows ulianzia mjini humo mwaka 1810, na kufikia katikati ya karne hakuna chama cha aina yake nchini kilichoupita kwa ukubwa. Rechabites, walioapa kutogusa pombe, walianzia Salford, ng'ambo ya mto, mwaka 1835.

Kiapo hicho kilikuwa na sababu, maana vyama vingi vilikutana baa. Mwenye baa hakutoza kodi ya chumba, ila kila mwanachama alitarajiwa kunywa. Palikuwa na nywila mlangoni, mishipi ya rangi, hotuba za kumwingiza mgeni, na sanduku la fedha lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa kiongozi wake. Wanavicoba wanalijua sanduku hilo. Polisi na mahakimu waliutilia shaka usiri wote huu, na haikuwa bila sababu: mwaka huohuo wa 1834 vibarua sita wa mashambani kutoka Tolpuddle walipelekwa uhamishoni Australia kwa kosa la kuapishana katika chama chao.

Faida yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Unachangia kila wiki. Ukiugua, unalipwa posho mpaka upone, na daktari wa chama anakuona. Ukifa, mjane anapata fedha za kukuzika. Hakuna anayekuja kukagua kama sakafu yako imefagiliwa au kama mkeo anakwenda kanisani. Umechangia, unadai.

Tatizo lilijificha ndani ya hesabu. Chukua tawi la kubuni la wanaume 100, wote vijana, kila mmoja akitoa peni 5 kwa wiki. Kwa mwaka ni peni 26,000. Peni 240 zikifanya pauni moja, hizo ni pauni 108 na ushei. Tuseme kila mmoja anaugua wastani wa wiki moja kwa mwaka na posho ni shilingi 10, yaani nusu pauni: zinatoka pauni 50. Ongeza mazishi ya mtu mmoja kwa pauni 10. Sandukuni zinabaki pauni 48, na wanachama wanaziona kama mali. Wanashona bendera, wanafanya karamu ya mwaka, pengine wanagawana. Sasa wapeleke wanaume hao hao mbele miaka 30. Peni ni zile zile tano, lakini tuseme wastani wa ugonjwa umefika wiki nne: posho peke yake ni pauni 200, na vifo vimeongezeka. Ziada ya ujanani haikuwa faida hata kidogo. Ilikuwa deni la uzeeni lililowahi kuingia mapema.

Likaongezeka jingine. Kijana wa miaka 20 mwenye akili, akiona tawi limejaa wazee, hakujiunga. Alivuka barabara akaanzisha lake na wenzake. Mzee akafika miaka 60 akiwa amelipa maisha yake yote, akakuta sanduku halina kitu. Mlango uliobaki ni ule ule aliolipa peni zake ili asiupite.

Kinachonivutia ni kwamba dawa ilitoka ndani. Katikati ya miaka ya 1840 viongozi wa Umoja wa Manchester walipoyataka matawi yatoe taarifa za fedha, baadhi yaligoma na kujitenga. Watu waliozoea kuaminiana waliona wanaitwa wezi. Lakini mwaka 1850 katibu wa Umoja, Henry Ratcliffe, alichapisha majedwali yaliyoonyesha mtu wa umri fulani huugua na hufa kwa kiwango gani, yakitokana na kumbukumbu za wanachama wenyewe. Kutoka hapo anayejiunga na miaka 40 aliweza kutozwa zaidi ya mwenye 20, kwa sababu iliyoandikwa. Makampuni ya bima yalikuwa na takwimu za vifo vya matajiri. Takwimu za ugonjwa wa wafanyakazi zilikuwa kwa wafanyakazi.

Klabu za mazishi hazikupata Ratcliffe wao. Zilipata kashfa. Mtoto mmoja aliweza kuandikishwa katika klabu kadhaa, na kesi ya watoto waliolishwa sumu ya aseniki huko Stockport mwaka 1840 iliwafanya wengi waamini kwamba akina mama maskini walikuwa wanaua kwa ajili ya pauni chache. Kesi za kweli zilikuwa chache mno kulinganisha na kelele zilizopigwa. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1875 iliweka ukomo: pauni 6 kwa mtoto chini ya miaka mitano, 10 kwa aliye chini ya kumi.

Wasioweza hata hiyo peni, wakiwemo vibarua wa siku, wajane na Wairishi waliokimbia njaa, walibaki mikononi mwa wafadhili. Hisani ya Manchester haikuwa ndogo, ila ilipenda kuuliza maswali. Mwaka 1833 daktari James Kay, aliyetibu wagonjwa wa kipindupindu, alisaidia kuanzisha chama cha kuwatembelea maskini majumbani, kuwahimiza waweke akiba na kuwachuja wanaostahili na wasiostahili. Kay huyohuyo, sasa akiitwa Sir James Kay-Shuttleworth, alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati kuu ya misaada pamba ya Marekani ilipokatika kwa ajili ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwa 1862 karibu watu 500,000 wa Lancashire na wilaya jirani waliishi kwa msaada. Vyama vya kusaidiana havikuwa na jibu, kwani vililipia ugonjwa. Hapa mwili ulikuwa mzima na kazi ndiyo haikuwepo.

Watu walioringia kutoomba wakajikuta wanapanga foleni. Wanawake walipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule za kushona, wanaume madarasa ya kusoma. Machi 1863, huko Stalybridge, kamati ilipunguza kiwango na kuamua kulipa kwa tiketi za dukani badala ya fedha taslimu. Tiketi ina maana hukuaminiwa na shilingi. Vijana walivunja maduka na stoo za misaada, wakatawanywa na askari wa farasi.

Pensheni ya serikali ilipopitishwa mwaka 1908, shilingi 5 kwa wiki kuanzia umri wa miaka 70, vyama vingi vilikuwa vimeipinga kwa miaka, vikihofia kwamba serikali ingezila peni zao. Malipo yalipangwa yatolewe posta, mbali na ofisi za sheria ya maskini, na wazee walianza kuyachukua Januari 1909. Ila aliyekuwa amepokea msaada wa maskini tangu tarehe 1 Januari 1908 hakuruhusiwa kupanga foleni hiyo, mpaka sharti hilo lilipoondolewa miaka miwili baadaye.