Kijana Asiyetulia: Uchunguzi wa ADHD kwa Aliyevuka Miaka 18

Akina mama na walezi wote mlio karibu na redio, leo tuzungumze juu ya vijana waliokwisha kuwa watu wazima lakini mambo yao hayashiki.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 20. Ameingia chuo cha ufundi mara mbili na kuacha. Alipata kazi dukani, akafutwa kwa kuchelewa. Ukimtuma vitu vitatu hurudi na kimoja. Pesa zikimfikia huisha siku iyo hiyo. Majirani humwita mvivu, wengine husema amerogwa. Naye mwenyewe, kwa kuambiwa hivyo miaka nenda miaka rudi, ameanza kuamini kwamba hana maana.

Huenda si uvivu. Kuna hali ya ubongo iitwayo kwa kifupi ADHD. Mwenye hali hii hupata shida kukaza akili kwenye jambo moja, kutulia, na kujizuia kabla ya kusema au kutenda. Haitokani na uchawi wala malezi mabaya. Mara nyingi hufuata ukoo, kwa hivyo usishangae ukisikia kwamba mjomba wake alikuwa vivyo hivyo.

Wengi hudhani ni hali ya watoto peke yao. Sivyo. Mtu akikua, kule kurukaruka hupungua, lakini kusahau, kuchelewa na kuacha kazi katikati huweza kubaki. Wasichana ndio hupitwa zaidi, kwa sababu wengi wao hawasumbui darasani. Hukaa kimya huku mawazo yako mbali.

Je, daktari huitambuaje? Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Daktari hutegemea historia. Kwa mwongozo ambao madaktari wengi wameufuata tangu 2013, mtu wa miaka 17 na zaidi anatakiwa kuwa na angalau dalili 5 za kukosa umakini, au 5 za kutotulia na kutojizuia. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na kazini, na ziwe zinamharibia maisha. Tena, baadhi yake ziwe zilionekana kabla hajafika miaka 12.

Hapo ndipo wewe mama unapohitajika. Kijana hakumbuki alivyokuwa darasa la tatu. Wewe unakumbuka. Kwa hivyo kabla ya kwenda hospitali, fanya haya:

Kwanza, tafuta ripoti zake za shule ya msingi. Soma maoni ya walimu, si alama tu. Maneno kama "hamalizi kazi" au "huongea sana darasani" humsaidia daktari.

Pili, andika mifano mitatu au minne ya utotoni na mingine ya sasa. Usiseme tu "ni msumbufu". Sema alifanya nini, wapi, na mara ngapi.

Tatu, andika magonjwa aliyopata, kama kifafa au kuumia kichwa, na dawa anazotumia.

Lakini kumbuka, aliyefika miaka 18 ni mtu mzima kisheria. Uamuzi wa kuchunguzwa ni wake. Usimburute wala usimdanganye kwamba mnaenda kupimwa malaria. Mwambie kwa upole: "Mwanangu, nimeona unavyohangaika. Twende tukaulize kama kuna msaada." Mkifika, mwache ajieleze mwenyewe. Daktari akitaka kuzungumza naye peke yake, subiri nje.

Mwende wapi? Anzeni kituo cha afya kilicho karibu. Mwombeni afisa wa kliniki barua ya kwenda hospitali ya rufaa yenye kliniki ya afya ya akili. Walio Nairobi wana Hospitali ya Mathari, na walio pande za Eldoret wana Hospitali ya Rufaa ya Moi. Ulizeni mapema gharama ni ngapi na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwaka 2024, italipa nini.

Daktari atachunguza pia mambo yanayofanana na ADHD: kukosa usingizi, huzuni nyingi, wasiwasi, ugonjwa wa tezi ya shingoni, na matumizi ya pombe, bangi au miraa. Kijana aseme ukweli. Kama alikuwa mtulivu tangu utotoni, kisha akabadilika akiwa na miaka 19, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni jambo lingine, na bado anahitaji kuonwa. Akisema anataka kujiua, au akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Ikithibitishwa kuwa ni ADHD, msaada upo. Kuna ushauri nasaha, na kuna dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari pekee, baada ya kupima shinikizo la damu na kuuliza habari za moyo. Dawa hizo asigawane na mtu. Nyumbani, mpe jambo moja kwa wakati, atumie kengele ya simu, na kazi kubwa igawanywe vipande vidogo.

Methali husema samaki mkunje angali mbichi, na wazazi wengine huona kijana wa miaka 20 ameshakauka. Mama, huyu hakuja kukunjwa. Amekuja kusaidiwa, na kwa msaada hajachelewa. Leo jioni, fungua lile sanduku utafute zile ripoti.