Mchoraji na Aujue Mwili Kabla ya Kuuchora

Sanaa ya kumchora binadamu imeingiwa na maradhi ambayo dalili zake zinaonekana peupe katika Mji wa Kale wa Mombasa. Apitaye Ndia Kuu akielekea ngome ya Fort Jesus hakosi kukutana na picha za rangi zilizotundikwa kumngojea mtalii: jahazi limetweka tanga, mlango wa nakshi, na kando ya mlango huo amesimama mtu. Jahazi limechorwa likachoreka. Mlango nao, ukiuhesabu misumari yake, huuoni ila. Lakini mtu yule! Mikono yake yaning'inia kama mikono ya shati lililoanikwa, shingo imechomekwa mabegani kama mti mchangani, na miguu haibebi uzito wowote.

Kwa nini mkono ule ule uliolichora jahazi kwa ustadi ushindwe na mtu? Sioni kwamba vijana wetu wamekosa kipawa. Nionavyo mimi, jahazi wanalijua na mwili hawaujui. Mtoto wa Mji wa Kale amekua akiviona vyombo bandarini, vingine vimepandishwa pwani vikatengenezwe. Ameuona mkuku, ameyaona mataruma, anajua ni kwa nini ubavu wa chombo umebenuka pale na kunyooka hapa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Waama, binadamu naye ameundwa. Uti wa mgongo ndio mkuku wake na mbavu ndizo mataruma yake. Mtu mzima ana mifupa 206, na hakuna tuta wala bonde juu ya ngozi yake lisilokuwa na sababu chini yake.

Wapo watakaosema kwamba elimu ya viungo ni ya madaktari, au kwamba ni jambo la Wazungu lisilotuhusu. Hawa wa pili ndio ninaotaka kuwajibu kwanza. Ni kweli kwamba Leonardo da Vinci alipasua maiti katika hospitali ya Santa Maria Nuova mjini Florence, na kwamba Andreas Vesalius alichapisha kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili mwaka 1543. Lakini zaidi ya karne moja kabla ya kitabu hicho, mwishoni mwa karne ya 14, tabibu Mansur ibn Ilyas wa Shirazi alikwisha kuandika kwa Kiajemi kitabu cha tashrihi chenye picha za mwili mzima: mifupa, mishipa ya fahamu, misuli, vena na ateri. Shirazi! Mji ule ule ambao wenyeji wengi wa pwani hii hujinasibisha nao kwa fahari. Ikiwa twaitaka nasaba ya Shirazi, basi na tuitake na elimu yake.

Isitoshe, lugha yetu yenyewe imekwisha kuuchora mwili. Mwite bibi yeyote ajuaye kukanda, umsikilize anavyoutaja mwili kiungo baada ya kiungo. Atakutajia mtulinga, ule mfupa ulalao baina ya shingo na bega. Atakutajia kidari, nyonga, kisugudi na kilimbili. Atakwambia muundi ni wapi na tafu ya mguu ni wapi. Kifuniko cha goti atakiita pia, na neno hilo peke yake ni somo la uchoraji, kwani kwa hakika mfupa huo una umbo la pia ya kuchezea watoto, pana juu na iliyochongoka chini. Waliozitunga istilahi hizi walikuwa na macho. Huzuni yangu ni kwamba kijana wa leo huviita viungo vyote hivyo "mkono" na "mguu", kisha huvichora kama alivyoviita.

Na tuitazame elimu hii ilivyo, ili msomaji asidhani ni bahari isiyovukika. Kimo cha mtu mzima ni kama vichwa vyake saba na nusu, hali kimo cha mtoto mchanga ni vichwa vinne tu. Ndiyo sababu mtoto akichorwa kwa vipimo vya mtu mzima huonekana kibeti. Macho yako katikati ya kichwa, wala si karibu na nywele kama wachoraji wengi wanavyoyaweka. Mikono ikinyooshwa pande mbili, upana wake hukaribia kimo cha mwenyewe. Kigasha kina mifupa miwili: kiganja kikielekea juu mifupa hiyo hulala sambamba, na kikigeuzwa chini mmoja humpanda mwenziwe, na umbo lote la kigasha hubadilika. Kifundo cha mguu cha upande wa ndani kiko juu kidogo kuliko cha nje. Na mtu akiegemeza uzito wake kwenye mguu mmoja, nyonga ya upande huo huinuka na bega la upande huo huo hushuka. Mchoraji aliyeshika hili la mwisho peke yake hatachora tena mtu aliyekakamaa kama nguzo.

Madarasa ya kujifunzia hayapo mbali. Nenda Marikiti asubuhi ukamtazame mchukuzi anapoinua gunia. Tazama magoti yanavyokunjika kwanza, mgongo unavyoinama, kano za shingo zinavyotokeza mzigo unapokaa. Mtazame msukuma mkokoteni akipanda mlima: kisigino hakigusi chini, na mwili wote ni mstari mmoja tangu wayo hadi utosini. Watazame wazee barazani, jinsi mgongo wa mtu aliyeketi usivyokuwa mgongo wa mtu aliyesimama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka kumchora mtu aliyeinama sharti ajue kilichoinama ni kipi.

Nafika sasa kwenye hoja nzito zaidi, nayo ni ya haya na ya dini. Mji wa Kale ni mji wa misikiti. Wa Mandhry umekuwapo tangu karne ya 16. Mafundi wetu walikipeleka kipawa chao kwenye milango, plasta na hati, wakaacha sura za viumbe, na kazi yao ni ya kujivunia. Kuhusu kuchora chenye roho, wanazuoni wana kauli zao, na si kazi ya safu hii kuamua baina yao. Mwenye kujizuia ana haki yake, na aheshimiwe. Lakini anayechora, na wanaochora ni wengi, hapati thawabu yoyote kwa kuchora vibaya.

Ama haya, haizuii elimu hii hata kidogo. Hakuna anayedai kwamba vijana wakusanyike kumtazama mtu aliye uchi. Tena mji huu ni mji wa nguo, na nguo ndiyo inayomuumbua mchoraji asiyejua mwili. Kanzu huangika mabegani, kisha ikashuka wima mpaka itakapokutana na tumbo au goti. Buibui hukunjana kwenye kisugudi mkono unapopindwa. Kikoi hukazwa kiunoni na mikunjo yake hutoka nyongani. Asiyejua bega liko wapi ataichora kanzu iliyovaliwa na hewa. Kwa hiyo mwenye kuulinda mwili kwa nguo ndiye anayehitaji zaidi kuujua.

Huenda msomaji akauliza: haya yote yana faida gani, na watu wana shida za unga na kodi? Faida yake ni kwamba mtu asiyejichora huchorwa na wengine. Ndani ya Fort Jesus imehifadhiwa michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno waliotawala ngome hiyo hadi 1698. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilimpa Joy Adamson, mzaliwa wa Austria, kazi ya kuchora sura na mavazi ya makabila ya Kenya, na picha zake zimekuwa kumbukumbu ya taifa. Simlaumu, alifanya kazi kwa bidii. Nauliza tu: sura za mama zetu wa Kibokoni, za manahodha na mafundi ambao kila mwaka twawazika, nani atazichora? Kamera itatupa sura ya dakika moja. Mchoraji anayejua mwili hutupa mtu mzima, na uzito wake, na uchovu wake, na heshima yake.

Kwa muda mrefu shule zetu zililitupa mkono somo hili. Sanaa na ufundi, iliyokuwa ikitahiniwa katika shule za msingi chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, iliondolewa katika mtihani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kisichotahiniwa nchini mwetu hakifundishwi. Sasa mtaala wa umilisi umeipa sanaa njia yake yenyewe katika shule za upili za juu. Fursa hii isipotee kwa kuwafundisha watoto kupaka rangi tu. Kiunzi cha mifupa kilicho katika maabara ya biolojia kitolewe kabatini kipelekwe pia darasa la uchoraji. Wakuu wa makumbusho wawape vijana pembe moja ya ngome siku moja kwa juma wakae wachore. Mchukuzi atakayesimama ili achorwe alipwe ujira wake, kwani hiyo nayo ni kazi.

Na wewe kijana mwenye penseli, usingoje mtaala. Mkono wako wa kushoto unao. Hautaki ada wala ruhusa. Uweke juu ya meza, ugeuze, ufumbe, uufumbue, uuchore mara mia. Ukiisha kujua kwa nini kidole gumba hakilali sawa na vinne vingine, utakuwa umeingia darasani.