Tumbo Lililojaa na Mwili Wenye Njaa



Katika chuo changu huku Temeke alikuwako mtoto wa miaka tisa aliyesinzia kila alipofungua juzuu yake. Nilimkaripia, nikamwita mvivu mbele ya wenziwe. Mama yake alipompeleka hospitali akapimwa, ikaonekana ana upungufu wa damu. Nikauliza chakula chake. Asubuhi chai ya rangi na maandazi, mchana wali na mchuzi mwepesi, usiku ugali wa sembe na mchuzi uliobaki. Mtoto huyo hakulala na njaa hata siku moja, lakini mwili wake ulikuwa na njaa. Nikamtaka radhi.

Kosa hili limo katika nyumba nyingi, hapa Temeke na kule Kinondoni, wala si la maskini peke yao. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Basi yatupasa tujue kazi ya kila chakula. Wali, ugali, muhogo na mafuta hutia nguvu. Maharage, kunde, samaki, mayai, maziwa na nyama hujenga mwili. Mboga na matunda huukinga na maradhi. Madini ya chuma, ambayo damu haitengenezeki pasipo hayo, yamo katika nyama, maini, dagaa, maharage na mboga za majani. Ndimu au chungwa huusaidia mwili kuyapokea. Chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Kwa hiyo chai na isubiri saa moja.

Msiseme, "Hatuna fedha." Fungu la mchicha na fungu la dagaa havizidi bei ya chipsi na soda. Na unga wa dona una faida kuliko sembe, kwa kuwa kiini na ganda la hindi havikuondolewa.

Lakini upungufu wa damu huletwa na malaria na minyoo pia. Mtoto akilegea, apelekwe akapimwe.

Enyi wazazi, watoto ni amana tuliyopewa, nasi tutaulizwa. Mtoto yule alipewa dawa, chakula chake kikabadilishwa, na leo asoma macho wazi. Nami, kabla ya kumkaripia asinziaye, humwuliza kwanza amekula nini.

Wabillahi tawfiq.