Beringi za injini ya Ford Model T

Beringi za injini ya Ford Model T ni sehemu zinazobeba krankishafti ya injini hiyo, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni kupitia konrodi. Gari hilo lilitengenezwa na kampuni ya Ford ya Marekani kuanzia mwaka 1908 hadi 1927. Injini yake ina silinda 4 na beringi kuu 3. Magari mengi ya aina hiyo bado yanatunzwa, na injini zake hufumuliwa na kutengenezwa upya.

Muundo

Beringi hizo hutengenezwa kwa babiti, aloi laini iliyobuniwa na Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839. Kwa kawaida huwa na stani, stibi na shaba. Huyeyushwa, humiminwa mahali pake, kisha huchongwa kwa kipimo. Kwa kuwa ni laini kuliko chuma, huchakaa yenyewe kabla ya krankishafti.

Ulainishaji

Injini hii haina pampu ya oili. Flaiwili inapozunguka huchota oili na kuirusha. Sehemu yake hunaswa na faneli, hupita kwenye bomba hadi mbele ya injini, kisha hurudi nyuma ikijaza vihori vilivyo chini ya konrodi. Konrodi huchovya humo na kutawanya matone. Gari likipanda mlima mrefu, oili hukimbilia nyuma na konrodi ya mbele huweza kuikosa.

Nafasi ya oili

Kati ya beringi na mhimili lazima kuwe na nafasi ya utando wa oili. Kwa kawaida hukadiriwa kuwa sehemu 1 kwa 1000 ya kipenyo cha mhimili. Krankishafti ya Model T ina kipenyo cha milimita 32 hivi, hivyo nafasi ni takriban milimita 0.03 hadi 0.04. Ikibana mno, oili haiingii, joto hupanda na babiti huweza kuyeyuka. Ikilegea mno, mhimili hugonga na babiti hupasuka.

Fundi hupima nafasi kwa mikromita, au kwa uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya mhimili na beringi, kisha upana wake husomwa. Hurekebishwa kwa vibati vyembamba chini ya kifuniko cha beringi: kikitolewa kimoja, nafasi hupungua.

Kabla ya kuwasha injini iliyofungwa upya, kila beringi hupakwa oili, kwa sababu hakuna pampu ya kuifikisha huko mapema.