Kabati linanuka ukungu? Jiki peke yake haitoshi

Wadau wa Ngara na Biharamulo, kila masika ni kilio kilekile: nguo zinanuka, viatu vina madoa ya kijani. Watu wanamwaga jiki, wiki mbili ukungu umerudi. Kwa nini? Kwa sababu unyevu bado upo.

Usiku wa baridi ukuta unapoa, hewa yenye mvuke ikiugusa inageuka maji. Kabati likibanwa ukutani, nyuma hakupiti upepo. Ongeza nguo zilizoanuliwa mbichimbichi, basi tena!

Mimi nafanya hivi:
1. Naziba bati linalovuja kwanza.
2. Natoa vyote, naanika juani.
3. Najifunga kitambaa puani, nafuta kabati kwa maji ya sabuni. Sipangusi kukavu, vumbi la ukungu litaruka.
4. Likikauka kabisa, naliweka mbali kidogo na ukuta, juu ya vipande vya tofali.
5. Jua likitoka, nafungua dirisha na milango ya kabati.

Angalizo: usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo, inatoa gesi ya sumu. Na usikaushe chumba kwa jiko la mkaa, gesi yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Msidharau. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa unyevu na ukungu ndani ya nyumba vinahusiana na pumu na matatizo ya kupumua. Mtoto akikohoa kila usiku, mpeleke zahanati, halafu chungulia nyuma ya kabati.

Mwenye mbinu nyingine atupe, wadau.