Lango, Masijala na Bwalo: Wanaompokea Mwanafunzi Chuoni

Wahenga waliponena mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakufafanua mwenyeji ni nani. Katika vyuo vikuu vya Kenya jibu la haraka huwa ni mhadhiri. Hata hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huweza kukaa chuoni siku kadhaa kabla ya kuhudhuria mhadhara wowote. Kufikia hapo huwa ameshapokelewa, vyema au vibaya, na bawabu, karani wa masijala, mhudumu wa bweni na mpishi. Makala haya yanaeleza jinsi wafanyakazi hawa wasiofundisha wanavyokifanya chuo kikalike.

Usajili ndio mtihani wa kwanza. Mwanafunzi huwasili na barua ya kujiunga na chuo, kitambulisho, hati ya matokeo ya kidato cha nne na stakabadhi za benki. Jina likitofautiana kwa herufi moja tu baina ya hati mbili, foleni husimama. Karani anayesema "rudi na karatasi kamili" hajavunja kanuni yoyote. Lakini kwa aliyesafiri kutoka Lodwar au Mandera, kauli hiyo ni nauli asiyokuwa nayo. Karani mwingine, kwa kanuni zizo hizo, humweleza kuhusu hati ya kiapo, humwelekeza kwa msimamizi wa wanafunzi na kumwandikia kwenye kipande cha karatasi jina la ofisi inayofuata. Makarani hawa wawili wana mamlaka sawa. Mmoja anaijua kazi yake hadi mwisho wake, mwingine anaijua hadi ukingo wa meza yake.

Kisha kuna suala la lugha, na hapa wapenzi wa Kiswahili watege sikio. Katiba ya 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Licha ya hayo, mihadhara, fomu na matangazo ya vyuo aghalabu huwa kwa Kiingereza. Langoni, jikoni na katika ujia wa mabweni, Kiswahili ndicho kinachotamalaki. Mfagizi huitwa "mama", naye hujibu "mwanangu". Bawabu huitwa "mzee" (akishapa kisogo huwa "soja" tu). Maneno haya si mapambo. Anayeitwa mwanangu hupata pa kusemea kwamba hajala tangu jana, jambo ambalo ni vigumu kumfungulia mhadhiri kwa Kiingereza cha darasani. Tangu wanafunzi waanze kujilipia chakula katika miaka ya 1990, njaa ya mwanafunzi imekuwa siri yake, na mpishi ni miongoni mwa wachache wanaoigundua: humwona anayenunua ugali na mchuzi mtupu, kisha asionekane bwaloni kabisa mwezi ukielekea kwisha.

Kazi ya bawabu ndiyo yenye mvutano mkubwa zaidi. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walishambulia chuo kikuu mjini Garissa na kuua watu 148. Baada ya msiba huo, lango la chuo halikuweza kutazamwa tena kama pambo. Bawabu anatakiwa kumshuku kila aingiaye na papo hapo kumkaribisha. Anayeyaweza yote mawili ni yule anayezijua nyuso, na nyuso hujulikana kwa kukaa. Ndiyo maana mtindo wa kukabidhi ulinzi na usafi kwa kampuni za nje una walakini: mlinzi anayehamishwa mara kwa mara humjua mwanafunzi kwa kadi tu. Gharama huenda ikapungua. Kinachopotea hakimo katika daftari la mhasibu.

Katika juma la kuwapokea wanafunzi wapya, ratiba hujaa hotuba za naibu chansela na wakuu wa vitivo. Ni nadra karani wa masijala au msimamizi wa bweni kupewa hata dakika kumi aeleze ofisi yake iko wapi na hufungwa saa ngapi, ilhali hayo ndiyo maswali ambayo mgeni huyauliza kwanza.