Rasi au Kisiwa? Somo kutoka Bouvet

Walimu wa Kiswahili mara nyingi huulizwa maana ya istilahi za jiografia. Katika toleo hili tumechagua Kisiwa cha Bouvet, kilichoko kusini mwa Bahari ya Atlantiki, kwa sababu historia yake inaonyesha hasara ya neno lisilo sahihi.

Tarehe 1 Januari 1739, nahodha Mfaransa Jean-Baptiste Charles Bouvet de Lozier aliona nchi kavu yenye barafu ndani ya ukungu. Hakuweza kushuka. Kwa kuwa alikuwa akitafuta bara la kusini, aliiita rasi, yaani ncha ya nchi kavu iliyochomoza baharini. Aliipa jina la Tohara ya Yesu, sikukuu ya Kanisa iliyoangukia siku hiyo. Zaidi ya hayo, longitudo aliyoiandika haikuwa sahihi. James Cook aliitafuta rasi hiyo katika safari yake ya 1772–1775 asiione. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1808 ndipo wavuvi wa nyangumi walipoiona tena nchi hiyo.

Kumbe ni kisiwa: maji pande zote. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 49, na pwani ya Antaktika iko umbali wa kilomita 1,700 hivi. Ni volkano ambayo kilele chake, Olavtoppen, kina mita 780. Hakina bandari wala wakazi. Ni eneo tegemezi la Norwei tangu 1930, na mwaka 1971 kilifanywa hifadhi.

Asilimia 93 ya kisiwa imefunikwa na barafu. Hapa wanafunzi huchanganya maneno. Theluji huanguka kutoka mawinguni ikiwa laini. Ikirundikana miaka mingi hugandamizwa na kuwa barafu ngumu. Barafu hiyo ikianza kuteleza polepole kwa uzito wake, tunaiita mto wa barafu. Ruwenzori, karibu na Ikweta, ina mito ya barafu karibu na vilele tu, kileleni pakiwa na mita 5,109. Bouvet, penye baridi mwaka mzima, mito hiyo hushuka hadi baharini.

Tunapendekeza zoezi hili: wape wanafunzi ramani, kisha kila mmoja aeleze ni ushahidi gani unaomruhusu kuandika "kisiwa" badala ya "rasi". Bouvet hakuwa nao, na ramani zilikosea kwa miaka mingi.